Kukusanya Santuri za Klasiki za Stirio ya Mwanzo Ukiwa Nakuru, Kisumu au Magharibi: Mwongozo Kamili

Santuri nyingi zinazozunguka Kisumu na Nakuru ni za benga, rumba na nyimbo za injili, na wanaozitafuta wanajuana. Zile za okestra, zenye picha ya kasri la Ulaya au mzee mwenye kijiti mkononi kwenye jalada, hubaki chini ya rundo bila mwenyewe. Ndani ya rundo hilo huwa kuna chache zilizotengenezwa kati ya 1958 na miaka ya katikati ya 1960, wakati stirio, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, ilipokuwa bado changa, na baadhi yake ni miongoni mwa rekodi zilizonaswa vizuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzitambua, kuzinunua bila kupunjwa, kuzisafisha na kuzicheza huku kwetu, kwa umeme wetu na hali yetu ya hewa.

Niseme msimamo wangu mapema: hali ya santuri kwanza, lebo (ile karatasi ya duara katikati) baadaye. Wakusanyaji wa London na Tokyo wanaweza kubishana juu ya rangi ya lebo kwa sababu santuri safi ziko nyingi kwao. Sisi tunaokota zilizopita kwenye rediogramu (yale makabati ya zamani ya redio na pleya), vumbi na mvua, kwa hiyo mpangilio wetu lazima uwe tofauti.

Kwanza, ujue unatafuta nini

Mhandisi wa kampuni ya EMI, Alan Blumlein, aliomba hataza ya sauti ya njia mbili mwaka 1931. Kampuni kubwa zilianza kurekodi okestra kwa stirio kwenye utepe mwaka 1954: RCA kule Boston na Chicago, Decca kule Geneva na kondakta Ernest Ansermet. Nyingi ya tepu hizo zilisubiri kwenye rafu hadi 1958, kampuni zilipokubaliana namna moja ya kuchonga stirio kwenye santuri na kuanza kuziuza madukani.

Namna yenyewe ni hii. Mfereji wa santuri, inamopita sindano, una kuta mbili, kila moja imeinama nyuzi 45. Ukuta wa ndani, ulio upande wa lebo, umebeba sauti ya kushoto. Wa nje umebeba ya kulia. Sindano hutikisika pembeni na pia juu na chini. Mashine ya zamani ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, haikuundwa kuiruhusu sindano ipande na kushuka, hivyo ikikutana na mfereji wa stirio inaukwangua. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini nasisitiza sana kukagua mifereji.

Uzuri wa rekodi hizo unatokana na uchache wa vifaa. Decca walitundika maikrofoni tatu juu ya kichwa cha kondakta kwenye fremu yenye umbo la T, kisha wakaongeza chache pembeni. Mercury walitegemea maikrofoni tatu tu mbele ya okestra nzima. Walichagua kumbi zenye mwangwi mzuri, kama Kingsway Hall ya London, Sofiensaal ya Vienna na Victoria Hall ya Geneva, wakaacha ukumbi ufanye kazi yake. Ukikaa katikati ya spika zako unaweza kunyoosha kidole zilipo selo, kisha ukasikia ngoma zikipigwa nyuma kabisa, mbali, na mwangwi ukipanda darini.

Mahali pa kutafuta

Stirio ilitoka 1958, na Kenya ikapata uhuru Desemba 1963. Miaka hiyo mitano ndiyo dirisha letu. Walowezi wa Njoro, Molo na Kitale, mameneja wa mashamba ya chai Kericho, wafanyabiashara Wahindi wa Kisumu, mapadre na walimu wa shule za misheni ndio waliokuwa na uwezo wa kuagiza santuri kutoka Uingereza. Wengi wao walikuwa bado na mashine za mono. Kwa hiyo usivunjike moyo ukikuta rundo zima ni mono na stirio ni moja au mbili, ndivyo ilivyo.

Soko la Kibuye, Kisumu, hasa Jumapili, ni pa kuanzia. Fika mapema kabla jua halijawa kali, kwa sababu santuri iliyolala juani kwenye turubai kwa saa mbili inaweza kuwa imepinda tayari. Nakuru, pita kwa wauza vitabu na vyombo vya mitumba, na usikose minada ya vyombo vya nyumba familia inapohama. Wauza vyuma chakavu nao ni watu muhimu sana. Wananunua rediogramu kwa ajili ya waya wa shaba na mbao, na kabati la rediogramu nyingi lina sehemu ya kuwekea santuri ambayo hakuna aliyejisumbua kuifungua. Ifungue.

Ukipata santuri moja nzuri, uliza ilikotoka kabla ya kuuliza bei.

“Mzee, habari ya asubuhi. Hizi za wazungu ulizitoa wapi?”

“Kuna nyumba ilikuwa inavunjwa kule Njoro. Nimeleta kidogo tu, zingine bado ziko kwa store.”

Jibu kama hilo lina thamani kuliko santuri uliyoishika. Mtu aliyenunua Decca ya stirio moja mwaka 1960 mara nyingi alinunua nyingine, na mkusanyiko wa mtu mmoja husafiri pamoja.

Kwa misheni na shule, andika barua au nenda umwone mkuu wa shule au paroko. Usimpe mlinzi mia mbili akutolee sanduku nyuma ya maktaba. Na kama anayeuza ni mama mjane anayetoa vitu vya marehemu mumewe, na wewe unajua una kitu cha bei mkononi, mwambie ukweli na umlipe ipasavyo. Eneo letu ni dogo, jina lako litatangulia kufika Kitale kabla yako.

Kusoma namba ya jalada na lebo

Herufi zilizo mbele ya namba ndizo zinazokuambia kama ni mono au stirio. Zikariri hizi:

- Decca: LXT ni mono, SXL ni stirio. Opera kubwa za stirio zina SET.
- HMV: ALP ni mono, ASD ni stirio.
- Columbia ya Uingereza: 33CX ni mono, SAX ni stirio.
- RCA: za Marekani ni LM kwa mono na LSC kwa stirio; za Uingereza ni RB na SB.
- Mercury: za Marekani ni MG 50000 kwa mono na SR 90000 kwa stirio. Stirio zilizotengenezwa Uingereza zina AMS.
- Deutsche Grammophon: LPM 18 000 ni mono, SLPM 138 000 ni stirio.

Kwa kuwa soko letu lilikuwa la Kiingereza, zile LSC za Marekani ambazo watu wanaziimbia sifa utazikuta kwa nadra. Utakazokuta ni SB. Usizidharau hata kidogo: RCA za Uingereza za miaka hiyo zilitengenezwa na kiwanda cha Decca, na kazi yao ni safi.

Toa santuri ndani ya jalada ulinganishe namba ya lebo na ya jalada. Jalada la stirio lenye santuri ya mono ndani ni jambo la kawaida, hasa nyumba iliyokuwa na watoto. Jihadhari pia na maandishi yanayosema sauti imegeuzwa kuwa stirio kwa umeme. Hiyo ni mono ya zamani iliyotiwa mwangwi na kugawanywa. Iache hapo hapo.

Sasa lebo. Decca SXL za mwanzo ni nyeusi zenye maandishi ya fedha na mkanda mpana wa fedha katikati. Juu kwenye ukingo, upande wa kushoto, za kwanza kabisa zimeandikwa “Original Recording by”. Zilizofuata zimeandikwa “Made in England by”. Za mwanzo pia zina mduara uliobonyea kwenye lebo, utausikia ukipitisha kidole. Mduara huo ukaondoka, na kuanzia takriban 1970 mkanda wa fedha ukawa mwembamba. Zenye mkanda mpana ndizo zinazotafutwa.

HMV ASD za kwanza zina lebo nyeupe yenye dhahabu. Katikati ya miaka ya 1960 zikaja nyekundu zenye nusu-duara. Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani nyekundu daima ni toleo la pili. Rekodi ya konserto ya selo ya Elgar (muziki wa selo moja na okestra), Jacqueline du Pré akiwa na kondakta Barbirolli, ASD 655, ilirekodiwa Agosti 1965. Toleo lake la kwanza ni nyekundu. Lebo isomwe pamoja na mwaka wa rekodi.

Columbia SAX za kwanza zina rangi ya bluu na fedha. Hizi ndizo ghali kuliko zote. Leonid Kogan akipiga konserto ya fidla ya Beethoven, SAX 2386, ikiwa safi huuzwa kwa maelfu ya pauni. Simjui mtu wa huku aliyeiokota, lakini namba hiyo iweke kichwani.

Deutsche Grammophon za zamani zina lebo ya njano yenye pete ya maua ya tulipu ukingoni; kufikia miaka ya 1970 maua hayo yaliondolewa. Geuza jalada uangalie chini nyuma: mara nyingi mwezi na mwaka wa kuchapwa umeandikwa kwa herufi ndogo, mfano 3/62.

Kusoma mkanda mtupu

Kati ya muziki wa mwisho na lebo kuna mkanda usio na sauti. Hapo ndipo santuri inapojieleza yenyewe. Simama kivulini, mwanga ukitokea upande mmoja, uishike kwa kingo uizungushe polepole huku umeilaza kidogo. Maandishi yatajitokeza.

Kuelewa maandishi hayo inabidi ujue jinsi santuri inavyozaliwa. Fundi huchonga sauti kwenye sahani laini. Kutokana nayo hutengenezwa nakala ya chuma iitwayo baba. Baba huzaa mama. Mama huzaa mihuri, na muhuri ndio unaokanyaga plastiki moto kuwa santuri. Muhuri huchakaa na kubadilishwa. Kadiri uchongaji, mama na muhuri zilivyo za mapema, ndivyo santuri yako ilivyo karibu na siku ya kwanza.

Kwenye Decca, soma chini, upande wa saa sita, ukichukulia santuri kama uso wa saa. Utaona ZAL, namba, kisha mfano 1E. Namba 1 ni uchongaji wa kwanza, na herufi E ni alama ya fundi aliyechonga. Sogea upande wa saa tisa, hapo kuna namba ya mama. Upande wa saa tatu kuna herufi za muhuri. Decca walihesabu mihuri kwa neno BUCKINGHAM: B ni 1, U ni 2, C ni 3, K ni 4, hadi M ambayo ni 0. Ukiona K peke yake, huo ni muhuri wa nne. Ukiona BU ni wa kumi na mbili.

EMI, yaani HMV na Columbia, walipanga vivyo hivyo, mama saa tisa na muhuri saa tatu, ila kwa herufi za GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. GR ni kumi na mbili.

Usiwe mtumwa wa hesabu hizi. Uchongaji wa kwanza ukiharibika kiwandani, toleo la kwanza lililofika dukani linaweza kuwa na namba 2 au 3. Mimi huchukua muhuri wa arobaini ulio safi na kumwachia mwenzangu muhuri wa kwanza uliokwanguliwa.

Kukagua hali

Adui mkubwa wa santuri zetu ni rediogramu. Mkono wake mzito ulikandamiza kwa gramu tano au zaidi, mara nyingi na sindano iliyokwisha miaka iliyopita. Pleya ya leo hutumia gramu mbili hivi. Mikwaruzo unaiona kwa macho, lakini mfereji uliochakaa unaweza kung'aa vizuri na bado ukalia kwa ukakasi.

Tafuta rangi ya kijivu. Santuri nzima ni nyeusi inayong'aa. Sehemu za sauti kubwa zilizochakaa hufifia zikawa na ukungu wa kijivu hata baada ya kufutwa. Angalia hasa sentimita chache za mwisho karibu na lebo. Simfonia nyingi huishia kwa kishindo, na hapo ndipo mfereji ulipo mgumu zaidi kwa sindano kuusoma. Kukiwa na kijivu huko ndani, fidla na tarumbeta zitapasuka mwishoni mwa upande.

Tundu la katikati nalo linasema. Michirizi mingi myembamba kwenye lebo kuzunguka tundu ni ya mtu aliyetafuta ncha ya pleya gizani mara nyingi. Santuri hiyo ilichezwa sana. Kisha iinue usawa wa jicho uone kama imepinda. Kupinda kidogo kwa ukingo kunavumilika. Kuvu jeupe kwenye mifereji mara nyingi huoshwa likaisha, ila likikaa miaka mingi huacha mlio wa kuchemka ambao hautatoka.

Muuzaji akiwa na pleya, usianze mwanzo wa upande. Weka sindano dakika tatu za mwisho.

Ununue zipi kwanza

Anza na matoleo ya bei nafuu ya rekodi zile zile za mwanzo. Decca Ace of Diamonds, SDD, ni rekodi nyingi za SXL zilizotolewa upya, na tofauti ya sauti ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Classics for Pleasure, CFP, kuanzia 1970, nazo zina kazi nzuri ya EMI. Decca Eclipse, ECS, zisome kwa makini, maana nyingi ni mono iliyogeuzwa.

Kuna pia masanduku ya Reader's Digest yanayopuuzwa kila mahali. Rekodi zake nyingi za mwanzo wa miaka ya 1960 zilifanywa na mafundi wa Decca. Simfonia tisa za Beethoven za kondakta René Leibowitz, za 1961, zimo humo. Ukikuta sanduku kamili lisilo na kijivu, lichukue.

Kama umeimba Haleluya ya Handel kwenye kwaya, na magharibi ni wachache ambao hawajaiimba, tafuta *Messiah* ya Decca ya 1961 chini ya Adrian Boult, Joan Sutherland akiwa soprano. Utajua mara moja sauti ya pili na ya tatu zimesimama wapi.

Pleya na umeme

Pleya iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani ichunguze kabla ya kuiwasha. Umeme wao ni volti 120 na herzi 60. Wetu ni volti 240 na herzi 50. Transfoma itarekebisha volti, lakini mota ya zamani inayofuata herzi itazunguka pole: santuri ya mizunguko 33 na theluthi itaenda karibu 27.8, na muziki utashuka kama noti tatu za piano, nyeusi zikihesabiwa. Pleya nyingine zina kapi la kubadilisha, nyingine hazina. Technics SL-1200, zilizotumiwa na madijei wa disko, hazifuati herzi za ukutani, na mafundi wetu wanazijua. Hakikisha tu volti zimewekwa sawa.

Nunua sindano mpya hata kama aliyekuuzia anaapa ya zamani ni nzima. Audio-Technica AT-VM95E hukaa kwenye gramu mbili na inatosha kabisa. Nunua mizani ndogo ya kupimia uzito wa sindano. Weka TV guard pia, kwa sababu stima ikirudi hurudi kwa nguvu.

Kuosha na kuhifadhi

Maji ya bomba au ya kisima huacha chumvi ndani ya mifereji ya santuri. Nunua maji ya betri kwenye petrol station, na usome chupa: unataka maji yaliyotoneshwa, si asidi, maana vyote viwili huwa kwenye rafu moja. Lita moja, tone moja la sabuni ya vyombo. Funika lebo kwa vifuniko viwili vya plastiki, pitisha kitambaa laini kufuata mzunguko wa mfereji, kisha suuza kwa maji mengine yasiyo na sabuni. Hili la kusuuza mara ya pili ndilo watu wanaruka, na ndilo linaloondoa kelele. Ikauke kivulini kwenye kichanja cha sahani. Zile nzito za mizunguko 78 zisiguswe na spiriti kamwe, itaziyeyusha.

Kisumu kuna joto na unyevu, hivyo acha nafasi ya kiganja kati ya rafu na ukuta, na ukague kuvu msimu wa mvua. Nakuru ni vumbi. Kabati lenye mlango linasaidia. Kote kuna mchwa, kwa hiyo rafu isiguse sakafu ya udongo. Simamisha santuri wima. Ondoa mifuko ya nje ya plastiki nzito ya miaka ya 1970, ile inayonata, kwa sababu hutoa ukungu unaoingia kwenye santuri.

Ukiagiza kutoka nje

Agiza kadhaa kwa pamoja ili nauli igawanyike. Wauzaji hupanga hali ya santuri kwa herufi: VG (“very good”) kwenye tangazo maana yake kelele itakuwepo; kwa klasiki, yenye sehemu nyingi za kimya, usishuke chini ya EX (“excellent”) au VG+. Mwombe muuzaji picha ya mkanda mtupu na swali moja la moja kwa moja: je, ameicheza hadi mwisho wa upande? Mwambie pia aitoe santuri nje ya jalada kabla ya kufunga, vyote viwili vikae bega kwa bega kati ya kadibodi mbili ngumu, la sivyo santuri itapasua mshono wa jalada njiani. Kifurushi kikifika, kiache chumbani usiku mzima kabla ya kukifungua, kisha ioshe hata kama ameapa kwamba ameshaiosha.